Si waridi, wala jangwani si kwao

Msomaji mmoja wa Voi ameniandikia. Alinunua mche kando ya barabara, shina lake limevimba chini kama chupa, maua yake mekundu yenye koo jeupe. Muuzaji akamwambia ni waridi la jangwani. Basi akautunza kama mama yake alivyotunza mawaridi: maji kila jioni, samadi kila mwezi, na chungu kwenye ubavu wa nyumba usiopigwa sana na jua. Sasa majani yamegeuka manjano, yanapukutika, na kitako cha shina kimelainika. Jirani anasema huo si mwaridi, ni mtoto wa mbuyu. Kijana wake alitafuta kwenye simu akaja na jina "adenia". Mama mkwe alipofika kuwatembelea, aliutazama mara moja tu akasema ni mti wa sumu ya mishale, uondolewe kwenye nyumba yenye watoto. Msomaji anamalizia: "Mwalimu, jina lake hasa ni lipi, na katika hawa wote nimsikilize nani?"

Dada yangu, aliye karibu zaidi na ukweli ni mama mkwe wako. Nitakueleza kwa nini, lakini kwanza tuuokoe mti, maana maelezo yangu ni marefu na kuoza hakusubiri.

Leo hii uache maji. Vaa glavu, utoe mti chunguni, kung'uta udongo wote mpaka mizizi ionekane. Bonyeza kitako kwa kidole gumba ukizunguka pole pole. Palipo pazima pana ugumu wa kiazi kibichi. Palipooza kidole kinazama na maji ya kahawia yanatoka. Chukua kisu kikali ulichokipangusa kwa spiriti, ukate pale palipooza mpaka ufikie nyama ngumu nyeupe isiyo na doa hata moja. Usimwonee huruma. Doa dogo la kahawia ulilolibakiza litakula mti wote ndani ya wiki mbili. Pakaa unga wa salfa kwenye jeraha, kisha ulaze mti mahali penye kivuli na hewa, bila udongo, bila maji, wiki moja au mbili, hadi kidonda kiwe kikavu na kigumu. Hautakufa kwa kiu. Kitako kile ni mtungi wake wa maji, na umezoea kuishi hivyo miezi mingi kwao. Ukikuta uozo umezunguka kitako chote, basi kata tawi zima la juu, nalo likaushe hivyo hivyo, ulichomeke kwenye mchanga mkavu. Litaota mizizi, ila mara nyingi mti wa tawi haufanyi kitako kinene kama ule wa mbegu.

Sasa tuje kwenye jina, kwa sababu kilichouozesha mti wako ni jina. Ulisikia waridi, ukaufanyia ya waridi.

Kiswahili kilichukua neno waridi kutoka Kiarabu, kikalifanyia kile kinachofanya siku zote: ua likaitwa waridi, mti wake ukaitwa mwaridi, kama embe na mwembe, kama buyu na mbuyu. Mwaridi una ukoo unaojulikana. Ndugu zake ni mtufaha, mpeasi, mpichi. Ni mti wa miiba, unapenda udongo mzito wenye rutuba, unakunywa sana na kula sana. Sasa nenda kwenye mmea wako, kama una ua hata moja lililobaki, ufanye jaribio dogo. Shika petali moja ulivute kwa upole. La waridi lingechomoka peke yake, na lingekuachia mengine mahali pake. La kwako linakuja na yote matano, kwa sababu ua lote ni kitu kimoja, tarumbeta iliyopasuliwa mdomoni mara tano. Ulipasue kwa urefu kwa wembe. Ndani ya waridi ungekuta msitu wa nyuzi za chavua, nyingi na zilizo huru. Hapa unakuta nyuzi tano tu, zimeegemeana kama fito za kibanda, na kila moja ina mkia mrefu wenye manyoya, mikia hiyo mitano ikisokotana kuelekea nje ya koo la ua. Chavua imefichwa chini ya kibanda hicho. Mdudu anayeitaka lazima apenyeze ulimi katikati ya fito. Nimefungua maua haya mara nyingi sana na bado kila mara nasimama kuutazama ule msokoto.

Ua la namna hiyo ni la ukoo mwingine kabisa, ule ambao wataalamu huuita Apocynaceae. Na wewe, kama umekulia au umeishi karibu na pwani, unaujua ukoo huo bila kuujua jina. Mbungo, unaotupa mabungo ya juisi, ni wa humo. Mtandamboo wenye vitunda vyeusi ambavyo watoto huvichuma porini ni wa humo. Plumeria ile ya maua meupe yenye harufu, inayopandwa makaburini na kwenye bustani za hoteli, ni ya humo. Oleanda, kichaka cha maua ya pinki kinachopandwa barabarani kwa sababu mbuzi hawakigusi, ni ya humo na ndiyo ndugu yake wa karibu. Na msunguti pia, ambao nitaurudia, kwa sababu huo, au ndugu yake wa ukoo huo huo, ndio mama mkwe wako aliokuwa nao akilini.

Kwa hiyo waridi si. Je, la jangwani?

Hapo nina neno, kwa sababu lugha yetu ina neno lake na hatulitumii. Jangwa ni mahali pasipoota kitu, mchanga mtupu. Mmea huu haukai huko. Wenyewe unaenea kuanzia Senegal na Mauritania, ukipita ukanda wote wa Saheli hadi Sudan, Ethiopia na Somalia, unashuka Kenya, Uganda na Tanzania, na kuvuka bahari hadi Yemen, Oman na Saudi Arabia. Kote huko huota kwenye vichaka vikavu na majabali, mahali panapopata mvua kwa msimu kisha pakanyimwa miezi mingi. Wewe wa Voi unaishi katikati ya makao yake. Toka nje ya mji wakati wa kiangazi, vichaka vikiwa vya kijivu na hakuna jani, utauona kwa mbali: shina lililovimba kati ya mawe, halina jani hata moja, na juu limejaa maua. Nchi hiyo babu zetu waliiita nyika. Hakuna neno jingine linaloitaja vizuri hivyo. Mimi ningeuita ua la nyika, na nimeanza kufanya hivyo na wanafunzi wangu, lakini sitagombana na wauzaji wa barabarani, wamekwisha kulizoea la kwao.

Jina hilo la kwao ni tafsiri ya jina la Kiingereza. Wachina nao husema vivyo hivyo, shamo meigui, waridi la jangwani. Na halimilikiwi na mmea huu peke yake. Australia wana waridi la jangwa lao, Gossypium sturtianum, ambalo ni ndugu wa pamba, na tangu mwaka 1961 ndilo ua rasmi la jimbo lao la Northern Territory. Halafu kuna waridi la jangwani ambalo si mmea kabisa: ni madini ya jasi yaliyoganda mchangani yakafanya vibapa vilivyopangana kama petali. Jumba la Makumbusho ya Taifa la Qatar, lililochorwa na Jean Nouvel na kufunguliwa mwaka 2019, limejengwa kwa umbo la jiwe hilo. Mtu akikuambia waridi la jangwani bila kuongeza neno, huwezi kujua anazungumzia kichaka, pamba au jiwe.

Waindonesia wamefanya jambo linalonifurahisha. Wao huuita kamboja Jepang, yaani kamboja ya Japani, na kamboja ni jina lao la plumeria. Wafilipino huuita Bangkok kalachuchi, na kalachuchi nayo ni plumeria. Mmea haukutoka Japani wala Bangkok, umetoka huku kwetu na Arabuni. Lakini tazama: nchi wameikosea, ukoo wameupatia. Aliyeulinganisha na plumeria ataupa mchanga na jua, na mti wake utaishi. Aliyeulinganisha na waridi ndiye anayeniandikia.

Jirani yako alitazama shina, si ua. Shina nene la kuhifadhi maji linapatikana kwenye koo nyingi zisizohusiana, kwa sababu ukame mmoja huzaa dawa moja. Mbuyu ni wa ukoo wa pamba na bamia. Majani ya mbuyu mkubwa yamegawanyika kama vidole vya mkono, ya kwako ni jani moja moja, linang'aa, limekusanyika kwenye ncha za matawi. Na mbuyu unakuwa mti wa kuegeshea gari kivulini. Huu wa kwako ukifika mita tatu au nne, ni mzee sana na amebahatika.

Kijana wako yeye amekosea kwa herufi mbili tu, lakini kosa lenyewe ni kubwa na ninataka mwelewane vizuri juu yake. Adenia na Adenium ni mimea miwili tofauti. Adenia ni ya ukoo wa pasheni. Na hapo kwenu iko: Adenia globosa, donge kubwa la kijani lenye vinundu, kama jiwe lililoota ukungu, na juu yake matawi ya miiba yaliyochangamana. Kuna pia Adenia volkensii, ambayo Wakamba huiita kilyambiti. Mbiti kwa Kikamba ni fisi. Mmea huo una sumu kali sana ya protini, ambayo wanasayansi waliipa jina la volkensini, na watu wa Ukambani walikuwa wamemtia fisi ndani ya jina hilo kabla maabara yoyote haijaichunguza. Hilo ndilo jina linalofanya kazi. Mtoto akilisikia anajua si la kuchezea.

Majina hayo mawili yanayofanana yanaturudisha pande zile zile za Arabuni, na kwenye daftari za mtu mmoja. Mwaka 1761 mfalme wa Denmark alituma wasafiri wataalamu kwenda Arabuni. Miongoni mwao alikuwamo Peter Forsskål, Msweden aliyezaliwa Helsinki, mwanafunzi wa Linnaeus yule aliyeweka utaratibu wa majina mawili ya kila kiumbe. Forsskål alikuwa kijana mkaidi, mbishi, na mfanyakazi ajabu. Alitembea milima ya Yemen akiuliza wenyeji majina ya kila mmea kwa Kiarabu chao na kuyaandika. Malaria ikamuua huko Yarim, Yemen, Julai 1763, akiwa na miaka 31. Msafara wote ukafa mmoja mmoja, akarudi mtu mmoja tu, Carsten Niebuhr, ambaye alichapisha daftari za mwenzake mwaka 1775. Linnaeus naye alimkumbuka mwanafunzi wake kwa kumpa mmea jina lake, Forsskaolea tenacissima, mmea unaong'ang'ania nguo usitoke. Wanaosoma tabia ya Forsskål husema mwalimu alijua anachokifanya.

Ndani ya daftari hizo mna mmea wako. Forsskål aliuita Nerium obesum. Nerium ni oleanda, obesum ni mnene. Oleanda mnene! Kijana yule alitazama ua, akatazama shina, akaweka vyote viwili kwenye maneno mawili. Ukiniuliza, hakuna aliyewahi kuuita vizuri zaidi kwa ufupi hivyo. Mwaka 1819 wataalamu wawili, Roemer na Schultes, waliutoa kwenye kundi la oleanda wakaupa kundi lake wenyewe, Adenium, jina linalosemekana kuturudisha Aden, bandari ile ile ambayo majahazi ya Lamu na Mombasa yalikuwa yakiipita kwa upepo wa kusi. Unene wakaubakiza: Adenium obesum. Hilo ndilo jina lake hasa, dada yangu, lile ulilouliza. Ukimwambia muuzaji wa Bangkok, mtafiti wa Nairobi au daktari wa hospitali jina hilo, wote watatu wataleta mmea mmoja mezani. Kusini zaidi, Zimbabwe, Msumbiji na Afrika Kusini, yuko ndugu yake Adenium multiflorum, na kisiwani Sokotra kuna aina yenye shina kubwa kuliko zote, lakini wauzaji wetu wengi wana obesum au machotara yake.

Kama bado una shaka kwamba ni ndugu ya oleanda, waulize wadudu. Kuna vidukari vya manjano yenye kung'aa, miguu myeusi, vinavyojazana kwenye chipukizi laini. Jina lao ni Aphis nerii, vidukari wa oleanda. Na kuna kiwavi mmoja wa kijani, mnene kama kidole cha mwanamume, mwenye macho mawili ya bandia, ya buluu na meupe, karibu na kichwa. Ukimgusa huinamisha kichwa na macho yale yanatokeza kama ya nyoka. Huyo ni mtoto wa nondo Daphnis nerii, nondo wa oleanda. Nilimkuta asubuhi moja kwenye mche wangu uliokuwa na majani ishirini na kitu jana yake. Yalibaki manne. Kwenye bustani hiyo hiyo kulikuwa na mwaridi halisi umestawi vizuri, hakuugusa. Nondo yule alipita juu ya majani yote ya bustani usiku, gizani, akatua kwenye ukoo anaoujua kwa harufu. Mwokote kwa mkono umpeleke mbali, wala huhitaji dawa. Vidukari wapige kwa maji ya sabuni.

Sasa mama mkwe.

Aliyoyasema ni kweli. Utomvu wa Adenium, wa shina na wa mizizi, una sumu ya moyo ya aina ile ile iliyomo kwenye oleanda. Sumu hiyo huziba pampu ndogo zinazotoa chumvi ya sodiamu kwenye chembe za moyo. Pampu zikiziba, kalisi inajaa ndani, moyo unapiga kwa nguvu, kisha unapoteza mpangilio, kisha unasimama. Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi, Tanzania, hukamua utomvu wa mmea huu na kuuchemsha hadi uwe mweusi mzito kama lami, wakaubandika kwenye mishale ya kuwindia wanyama wakubwa. Wasan wa kaskazini mwa Namibia walifanya hivyo na ndugu yake, Adenium boehmianum. Watu wawili walio mbali hivyo, kila mmoja na nyika yake, wakafikia mti wa ukoo mmoja.

Upande wenu, sumu iliyotawala ni ya msunguti, Acokanthera, nao ni wa ukoo ule ule. Kiini chake madaktari hukiita ouabain, na neno hilo limetokana na Kisomali, jina la sumu ya mshale, likaandikwa kwa tahajia ya Kifaransa. Ndugu mwingine ni Strophanthus kombe wa upande wa Zambezi. John Kirk, aliyesafiri na Livingstone na baadaye akawa balozi wa Uingereza Zanzibar, aliweka mswaki wake mfuko mmoja na sumu hiyo. Alipopiga mswaki aliona mapigo ya moyo wake yamepungua. Kutokana na hilo ikapatikana strofanthini, iliyotumika miaka mingi kama dawa ya moyo. Kwa hiyo mama mkwe alipoutazama mti wako akaona mshale, hakuwa anasema ushirikina. Alikuwa anatoa habari za kifamasia, zilizopokewa kwa watu waliokula nyama kwa maarifa hayo. Ninaomba umwambie kwamba nimesema hivyo.

Je, uutupe? Sioni haja, ila uwe na utaratibu. Kuugusa tu hakudhuru; hatari ni kuula, na utomvu kuingia jichoni au kwenye kidonda. Kwa hiyo weka chungu juu, mahali ambapo mtoto anayetambaa hafiki. Ukikata matawi, vaa glavu, osha kisu, na usiyatupe mabaki bandani kwa mbuzi. Kisu cha jikoni kisitumike kabisa. Watoto wakubwa waambie waziwazi: huu ni mti wa mishale. Nimeona watoto wanasahau "usiguse", lakini sijaona mtoto aliyesahau mshale. Mtoto akitafuna jani au ua, toa kilichomo mdomoni, msukutue, usimlazimishe kutapika, wala usimpe maziwa ukingoja uone. Mpeleke hospitali papo hapo, na uchukue kitawi cha mmea kwenye mfuko na jina lake limeandikwa. Dalili huanza na kichefuchefu, kutapika na maumivu ya tumbo, kisha kizunguzungu na moyo kwenda polepole au bila mpangilio. Utomvu ukiingia jichoni, osha kwa maji mengi yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda ukaonwe. Na kama mtoto wako mdogo ni wa kila kitu mdomoni, mwazimishe shangazi asiye na watoto huo mti kwa miaka miwili. Hilo mimi ningelifanya.

Jeraha likishakauka, chungu kiwe na matundu ya kutosha chini. Udongo uwe nusu au zaidi mchanga mzito wa mto na kokoto ndogo, iliyobaki mboji iliyooza kabisa. Samadi mbichi usiweke tena. Panda juu kidogo, kitako kikae wazi nje ya udongo. Hapo ndipo uzuri wake ulipo na hapo ndipo hewa inapokausha. Usimwagilie siku saba za kwanza. Baada ya hapo mwagilia mpaka maji yatoke chini, halafu uache mpaka udongo ukauke hadi chini kabisa. Chomeka kijiti, kikitoka na udongo unaonata, rudi kesho kutwa. Wakati wa joto, na majani yakiwa tele, huenda ikawa mara mbili kwa wiki. Mti ukipukutisha majani wenyewe wakati wa baridi ya Julai, punguza sana, umelala. Masika ukiweza uingize chini ya bati, kwa sababu mvua ya siku kumi mfululizo kwenye chungu ni jambo ambalo nyika haikuuzoesha. Mimi nilipoteza mti wa miaka tisa hivyo, kwa kusafiri na kuuacha uwanjani mwezi wa Aprili. Niliporudi ulikuwa umesimama, na majani ya kijani, lakini nilipoushika shingo ikabaki mkononi.

Jua ni la kutosha kama ni jua la kutwa, na likipungua saa sita kwa siku utapata majani marefu na maua machache. Ule ubavu wa nyumba wenye kivuli uupe maua mengine. Kitu kimoja tu: mti uliozoea kivuli upelekwe juani kwa hatua, wiki mbili hivi, maana shina nalo linaungua.

Ukitaka mbegu, mara nyingi itabidi uwe mdudu mwenyewe. Kumbuka kile kibanda cha fito tano: pitisha unywele mnene au uzi wa nailoni katikati ya fito, kwenye ua la mti mmoja, kisha kwenye ua la mti mwingine. Ukifaulu zitatokea pembe mbili kwa pamoja, zimegeuziana migongo kama za swala. Zifunge kwa uzi zikianza kuwa kahawia, kwa sababu zikipasuka upepo unachukua kila kitu: kila mbegu ni kijiti kidogo chenye kishungi cha nywele kila upande, huku na huku, na ikiguswa na upepo inabingirika chini kama gurudumu lenye ekseli. Panda mbegu mbichi, juu juu, kwenye mchanga wenye unyevu kidogo. Ndani ya wiki moja hivi zinachomoza, na mche ukiwa na majani manne tu tayari una tumbo.

Mama mkwe akija tena, muulize kwao waliuita nani, kwa lugha ya kwao, si kwa Kiswahili cha wauzaji. Andika jina hilo kwenye kibao cha chungu, chini yake Adenium obesum, na chini yake neno sumu kwa herufi kubwa. Halafu nitumie jina hilo na mimi, nina daftari la majina ya mmea huu na upande wenu bado una kurasa nyeupe.